Sura ya Saba: Mfungasha Nyota

Inspekta, mama wa makamo, alipanda ngazi huku ameshika ukuta, maana goti lake la kushoto lilikuwa limegoma tangu alfajiri. Nyuma yake konstebo alimwongoza mtuhumiwa aliyefungwa pingu. Nyuma ya mtuhumiwa alikuja dada yake, mwenye nyumba, miguu mitupu, akisema peke yake kwa sauti ya kumtosha kila jirani.

"Mwizi wa kuku hupelekwa kwa gari. Ndugu yangu anatembezwa mtaa mzima kama mbuzi wa mnada."

"Gari limeharibika, mama," Inspekta alisema. "Na sisi tumetembea."

"Nyinyi mnalipwa kutembea."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, shuka iliyogeuzwa pazia, na meza yenye kompyuta mbili. Moja ilikuwa imefunguliwa tumbo, skrubu zake zimekusanywa kwenye kizibo cha chupa. Mwenye chumba, mtaani wakimwita Fundi Nyota, mchana alitengeneza printa dukani. Akirudi alikaa kwenye meza hii, akafanya kazi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuielewa, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha mahabusu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Darubini ya shule ya wasichana iligeuka mchana kweupe ikalielekea jua, na mwalimu wa sayansi akaweka jicho. Jicho la kulia limekwisha; la kushoto madaktari walikuwa bado wanalitazama. Programu iliyoiendesha darubini ilitoka kwenye kifurushi chenye saini ya Fundi Nyota, kilichofanywa upya wiki hiyo hiyo. Tena Fundi Nyota aliwahi kuwa mchumba wa mwalimu huyo. Kamanda wa kituo alisema hahitaji zaidi. Alitaka jalada la kudhuru kwa kusudi lifike mahakamani kabla hakimu hajainuka jioni hii. Shtaka hilo halikuwa na dhamana. Aliyeingia nalo mahabusu alisubiri kesi mpaka nywele zikabadilika rangi.

"Nieleze tena," Inspekta alisema, akikaa ukingoni mwa kitanda. "Polepole. Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi."

"Programu siandiki mimi, afande. Wapo wanaoziandika, kila mmoja na kwao. Mimi nachukua walichoandika, napepeta, naangalia kama kinapatana na mfumo wetu wa Linux, nafungasha, natia saini. Mtu akiiambia kompyuta yake anataka programu ya nyota, anapata kifurushi changu."

"Kama wa kufunga nafaka."

"Ndivyo. Nafaka si yangu. Gunia nimeshona mimi."

"Unafunga zipi?"

"Zote za nyota." Akajipangusa macho kwa mikono miwili, kwa sababu pingu haikumwachia mmoja. "Ramani za anga, hesabu za kupatwa kwa mwezi, za kuendesha darubini. Tulikuwa watatu. Mmoja alioa, mmoja alichoka."

"Na wewe?"

"Mimi sikuoa."

Konstebo alicheka, akakohoa kufunika. Dada mtu hakucheka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Nimemwimbia wimbo huo mpaka sauti imekauka. Anajua ya mbinguni yote, ya jikoni hajui hata chumvi iko wapi. Na asante hapewi."

"Nani mwingine anashika ufunguo wa saini yako?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna."

"Kuna aliyewahi kuuomba?"

Fundi alifikiri. "Yupo mmoja wa mtandaoni. Simjui uso. Tangu mwaka jana ananisihi nimpe ufunguo, anipunguzie kazi. Sijamjibu."

"Huyo ndiye, afande," konstebo alisema, kalamu tayari. "Kaingia kwa mlango wa nyuma, kaweka sumu."

"Mtaalamu wetu amefungua gunia," Inspekta alisema. "Kilichomo na kilichotoka kwa waandishi ni kitu kimoja. Hakuna kilichoongezwa." Akamgeukia Fundi. "Sumu haimo. Kimo nini?"

"Sijui. Tangu mlipokuja kunichukua nimekipitia kichwani, mstari kwa mstari. Sioni kitu. Lakini saini ni yangu. Niandike, afande, tupumzike."

"Mwalimu mliachana vipi?"

Dada mtu alimjibia. "Kwani siri? Msichana alimwambia, chagua, mimi au hizo nyota. Huyu akasema, nisubiri nimalize kifurushi hiki. Mpaka leo anakimalizia. Mwenzake akaolewa."

"Ulikasirika?"

"Nilikuwa na kazi," Fundi alisema.

Inspekta aliamuru kompyuta iliyo nzima itiwe kwenye mfuko wa vielelezo. Konstebo akaufunga, akatia lakiri. Walipokuwa ngazini simu ikalia, na sauti ya Kamanda ikasikika hadi mlangoni kwa jirani.

"Unatafuta nini tena? Saini anayo, sababu anayo, na kakiri."

"Kakiri saini, mkuu. Kosa hajakiri, maana halijui."

"Hakimu hasubiri goti lako."

"Najua. Tunamrudisha mahabusu kwanza. Kisha tunapita shuleni."

Chumba cha darubini kilikuwa juu ya maktaba. Darubini ilifunikwa shuka nyeupe, na mtu aliyeingia bila kuambiwa angedhani pana maiti iliyosimama. Inspekta aliinua pindo. Kioo cha kuchungulia kilikuwa kimepasuka kwa joto.

Mwalimu mkuu aliwasha kompyuta iliyokuwa pembeni, akangoja, akaipiga ubavuni kwa kiganja, akangoja tena.

"Kuukuu," alisema. "Wakati wa kuweka programu ilisema kuna vitu vya lazima na vitu vinavyopendekezwa. Tulichukua vya lazima tu, isije ikazirai. Shule hii hata chaki ni ya kupendekezwa."

Kioo cha kompyuta kikawaka. Maneno yote yalikuwa Kiswahili. Jina lililobaki juu lilikuwa la sayari, Zuhura, kama mwalimu wa sayansi alivyoliacha. Inspekta aliuliza mwalimu alitafuta nini angani mchana, na mwalimu mkuu akamweleza kuwa Zuhura huonekana kwa darubini hata mchana, ukijua pa kuitafutia. Mwalimu alitaka kuijaribu kabla ya kuwaita wasichana.

Chini ya jina palikuwa na vijisanduku vya maneno. Tafuta. Simama. Na pembeni, peke yake, Jua.

"Hili limetengwa kwa nini?"

"Jua halitazamwi bila kioo chake cheusi. Nadhani ndiyo maana hawakulichanganya na mengine."

Darubini ilikuwa imechomolewa waya. Konstebo alibonyeza. Kisanduku kingine kikafunguka katikati ya kioo, kina neno moja: Jua? Chini yake: Ndiyo. Hapana.

Konstebo alifunga daftari. "Hata mtoto anaelewa, afande. Mashine imeuliza, jua? Aliyekuwa hapa kasema ndiyo. Na kumbukumbu za mashine zinasema jua lilichaguliwa hapa hapa, kwa mkono. Kwa hiyo mwalimu, anayesema alichagua Zuhura, ama anatudanganya, ama alitaka mwenyewe."

"Mwalimu wa sayansi aielekeze darubini juani, kisha ainamishe jicho?"

"Watu wana yao. Pengine nyumbani hapakaliki."

"Unaona mume kamtuma?"

"Sioni kitu. Nasema tu."

Inspekta alikitazama kile kisanduku. Alilisoma neno kama konstebo alivyolisoma. Akalisoma mara ya pili, likawa lile lile. Akashukuru, akashuka ngazi za maktaba kinyumenyume, kwa kuwa goti lilikubali kushuka kwa namna hiyo tu. Wasichana wawili waliokuwa wakipanga vitabu walitazama pembeni kwa adabu.

Hospitalini, mume wa mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Alikuwa dereva wa malori, mabega yameujaza mlango.

"Mmekuja kuuliza, au kuniambia kafungwa?"

"Kuuliza, baba."

"Mtauliza mpaka lini? Mtu kamuunguza macho mke wangu kwa wivu, anakula ugali wa serikali."

"Waache waingie," sauti ilitoka ndani. "Wamepanda ngazi zote hizo."

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, bandeji zimefunika macho yote mawili. Kitandani pake palikuwa na redio ndogo iliyozimwa. Inspekta alivuta kiti.

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa, mama. Uliza."

"Ulichagua nini kwenye mashine?"

"Zuhura."

"Darubini ikaenda?"

"Bado. Kwanza nilitaka maelezo yake. Ukubwa, umbali. Wasichana huuliza, na mimi sipendi kusema nitawajibu kesho. Nikabonyeza pale pa maelezo."

Inspekta aliinama mbele. "Mwalimu, pale hakuna pa maelezo. Nimetoka huko sasa hivi."

"Papo. Pembeni."

Konstebo alimtazama Inspekta, akainua nyusi. Inspekta hakumtazama.

"Haya. Ukabonyeza. Ikawaje?"

"Ikaniuliza kama kweli nataka kujua. Nikasema ndiyo. Darubini ikaanza kugeuka. Sikushangaa, nilidhani inaifuata Zuhura, na Zuhura siku hizi haikai mbali na jua. Iliposimama nikainama."

"Ilikuuliza vipi? Usinipe maana. Nipe neno lenyewe, lilivyoandikwa."

"Jua," mwalimu alisema. "Na alama ya kuuliza."

Kalamu ya konstebo ilisimama.

"Sasa hapo kuna nini?" mume aliuliza. "Jua si jua?"

Mkono wa mwalimu ulikuwa ukilainisha shuka, ukaacha.

"Kama kwenye simu," alisema taratibu. "Jua zaidi. Kama mabango ya zahanati. Jua afya yako." Akagusa bandeji. "Lilikuwa jua. Jua la juu."

"La juu," Inspekta alisema. "Sisi tulifika pale baada ya wewe kuungua. Jua ndilo tulilokuwa tunalifuata, tukalisoma hivyo hivyo. Wewe ulifuata elimu, ukasoma kujua. Neno ni lile lile, herufi kwa herufi."

"Yaani kosa ni la mke wangu?" mume alisema.

"Sikusema hivyo, baba."

"La nani?"

"Sijafika huko. Lakini si la mtu aliyekaa akapanga. Hakuna mwenye wivu anayeweza kutega mtego kwa neno ambalo yeye mwenyewe halioni."

Mume akageukia dirisha. Mwalimu aliuliza, bila kutaja jina, yule yuko wapi. Inspekta akamwambia mahabusu.

"Kwa kunikasirikia mimi?" Mwalimu alitikisa kichwa kidogo, kwa uangalifu, kama aliyebeba maji. "Yule hasira zake zilikuwa zinangoja zamu, na zamu haikufika. Nilimwacha kwa sababu hiyo."

Mume alibaki anatazama nje.

"La mwisho, nikuache upumzike," Inspekta alisema. "Pangeandikwa nini pale, ungesimama?"

Nje kigari cha dawa kilipita kikilia magurudumu.

"Utapofuka," alisema. "Waandike utapofuka. Hilo halina pacha."

Kituoni Kamanda alikuwa amekwisha kupiga mhuri kwenye jalada. Dada wa Fundi alikuwa kwenye benchi la ukutani, safari hii amevaa viatu. Inspekta aliomba mtuhumiwa aletwe, akaketi bila kuambiwa, akanyoosha mguu.

Alipomaliza kueleza, Fundi Nyota alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa mbali.

"Lakini kwangu pana picha," alisema. "Juu ya neno. Kijua cha njano chenye miale. Huwezi kukosea."

"Shuleni hapana picha yoyote."

"Haiwezekani, afande. Picha ziko kwenye..." Akakatiza. Akaitazama meza. "Programu ilikuwa nzito. Watu wenye mashine kuukuu walikuwa wananilalamikia. Nikazitoa picha, nikazifungia kifurushi chao peke yao. Ukitenga hivyo lazima uandike uhusiano: kile cha pili ni cha lazima, au kinapendekezwa tu."

"Wewe uliandika nini?"

"Kinapendekezwa."

"Kwa nini?"

"Nilidhani picha ni pambo." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nimechoka, nikajaribu kwenye mashine yangu tu, na yangu ina kila kitu. Nikatia saini."

Kamanda aligonga jalada kwa kalamu. "Kwa hiyo na uchumba wao ni bahati mbaya?"

"Mkuu, huyu anaweka gunia ghalani, na anayetaka anachukua," Inspekta alisema. "Anayefungasha hamjui anayefungua. Hakujua shule ile ina darubini, wala kwamba mashine yao ingekataa picha. Kusudi linataka mtu amlenge mtu. Hapa pana uzembe, na uzembe una dhamana."

"Na kifungo."

"Hakimu ataona. Lakini hatakaa ndani akisubiri."

Kamanda alivuta pumzi, akatafuta karatasi nyingine. Hapo Fundi akasimama ghafla hadi konstebo akamshika bega.

"Nje kuna mawingu?" aliuliza.

"Hakuna," konstebo alisema. "Kwa nini?"

"Kuna wengine wenye kifurushi hiki. Kwa Kiswahili hiki hiki. Siwajui, siwezi kuwapigia simu. Nipeni mashine yangu."

"Kielelezo," Kamanda alisema. "Lakiri haivunjwi. Na uelewe, ukisahihisha leo, umekiri kwa mkono wako. Sitahitaji shahidi."

"Nimekiri tangu asubuhi, mkuu. Nilikuwa sijui nakiri nini."

Inspekta alivunja lakiri mwenyewe. Juu ya mfuko aliandika sababu, akaweka jina lake, akamsogezea Kamanda aweke la kwake. Kamanda aliutazama mfuko kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili, kisha akaandika. Konstebo alifungua pingu.

Fundi alifanyia kazi kwenye kona ya meza ya Kamanda, katikati ya majalada. Alitafuta mstari, akaufikia, akafuta kinapendekezwa, akaandika cha lazima. Kisha akafungua ukurasa wa maneno ya Kiswahili, akashuka mpaka penye lile onyo la neno moja.

"Hapa niandike nini? Hatari?"

"Utapofuka," Inspekta alisema.

"Nani kasema hivyo?"

"Mwalimu."

Aliandika. *Darubini inaelekea kwenye jua. Ukichungulia utapofuka. Uendelee?* Hakuinua kichwa.

"Ataona?"

"Jicho moja. Mungu akipenda."

Fundi aliuhifadhi mstari huo. Kisha akapanda hadi juu kabisa ya ukurasa wa kifurushi, penye jina lake, na kidole kikaganda hapo. Inspekta aliuliza amekwama wapi.

"Sijakwama. Hapa ndipo panapoandikwa nani anakitunza. Ukikiacha, unafuta jina lako, unaandika yatima. Ndivyo tunavyoviita. Kinakaa hivyo mpaka atokee wa kukilea."

"Futa," dada mtu alisema kutoka kwenye benchi. Safari hii hakupaza sauti. "Futa, mdogo wangu. Wamekula ndoa yako, wamekula usingizi wako, sasa wanakula uhuru wako. Acha kiwe yatima. Si wewe uliyekizaa."

"Na mbele ya hakimu itapendeza," konstebo alisema. "Utasema umejitoa."

Fundi Nyota alimgeukia dada yake. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa moshini.

"Dada, mtu akiungua kesho, amuulize nani?"

Dada mtu akaanza kunyoosha kanga yake magotini.

Fundi alishuka chini ya jina lake bila kuligusa. Palikuwa na sehemu ya kueleza kilichobadilishwa na sababu yake, ili kila anayepokea asome. Akaandika: *Picha sasa ni za lazima. Onyo limeandikwa na aliyeungua. Kosa lilikuwa langu.* Akatia saini, akabonyeza, na mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo kutoka kushoto, kifurushi kikipanda mtandaoni.

Kamanda alikuwa amemaliza kuandika uzembe na anapuliza wino. Nje mtu wa mahakama alikuwa anaulizia jalada. Inspekta alilichukua, akalishika kwapani, akabaki amesimama kwa mguu mmoja mpaka ule mstari ulipofika mwisho. Ndipo akamwambia Fundi ainuke.